Wanja kwa Mwendo wa Tisini

Jumatatu, 5 Mei

Kikao cha harusi nyumbani kwa Dada Mwanabaraka, Kirumba. Chai, maandazi, kelele. Binti yake Najat anaolewa Jumamosi ya tarehe 17. Ndoa itafungwa hapahapa Kirumba, halafu msafara mpaka Misungwi kwa wakwe. Swali likaja: bi harusi atapanda gari la nani?

Nikasimama. Swali gani hilo! Najat alikuwa na miaka saba nilipomwahidi. Alikuwa amefiwa na baba yake, hasemi na mtu, anashinda ndani ya gari langu pale uani, kimya. Nikamwambia siku ya harusi yake dereva ni mjomba wake, na tutapiga honi mji mzima. Akacheka. Kicheko cha kwanza baada ya wiki tatu. Ahadi ya namna hiyo haijadiliwi kwenye kikao.

Shemeji Faisal naye akasimama. Huyu ni mume wa mdogo wangu. Ana gari jeusi, jipya hata nailoni za viti hajazing'oa. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyekuja kumwona mgonjwa, kwamba gari langu limechoka.

Limechoka! Bi Mkubwa! Ndilo jina la gari langu. Mke wangu Nusrat halipendi. Ameshaniuliza mara nyingi, kama lile ndilo Bi Mkubwa, yeye ni nani? Nikawaambia wajumbe kwamba Bi Mkubwa akiwa barabarani ametulia kama meza.

Faisal akamnong'oneza Dada kitu. Dada akatangaza mtihani. Bi harusi hutoka jasho, hulia, wanja huchuruzika. Lazima apakwe upya njiani kabla hajafika kwa wakwe. Gari ambalo ndani yake huwezi kupaka wanja si gari la bi harusi. Kwa hiyo Jumapili Dada mwenyewe atapanda magari yote mawili mpaka Usagara, kwa mwendo wa tisini, kalamu ya wanja mkononi.

Nilipiga makofi kuliko wote. Nikasema wazo zuri sana.

Ukweli, ambao nauandika humu tu: tangu Idi, Bi Mkubwa akifika themanini usukani unatetemeka kama mtu mwenye malaria.

Jumanne, 6 Mei

Uchunguzi umeanza. Mimi ni fundi saa, mwaka wa ishirini na sita sasa, kibanda changu kiko Nyamagana karibu na soko. Gari ni nini? Ni saa kubwa yenye viti. Sioni cha kunishinda.

Fundi wa tairi wa kweli yupo, njia panda ya Usagara. Anaitwa Sabina. Ana mashine. Siendi! Mwaka jana alileta saa yake kwangu. Nikaichunguza siku tatu, nikamtangazia kwamba imekufa. Akanunua betri kwa jirani yangu, akaiweka mwenyewe mbele ya wateja wangu. Inatembea mpaka leo. Kila nikipita Usagara ananyanyua mkono wenye saa.

Nimetoka peke yangu asubuhi, daftari pajani. Matokeo: sabini, shwari. Themanini, usukani unaanza kunong'ona. Tisini, mikono yangu kama ya mpiga manyanga. Mia, mpaka meno. Mia na kumi, kimya! Shwari kabisa!

Nilipiga kelele za furaha peke yangu. Ugonjwa unakaa kati ya themanini na mia. Basi tusikae hapo! Toka sabini, ruka haraka, kaa mia na kumi. Akili ya kifundi hiyo.

Nikarudia ili kuhakikisha. Mama mmoja wa usalama barabarani akatoka nyuma ya mti na ile tochi yao ya kupimia mwendo. Mpole, mwenye tabasamu. Akauliza nawahi wapi. Nikamwambia siwahi popote, natafuta utulivu. Akasema utulivu anao, akafungua kitabu chake akaanza kuandika.

Jumatano, 7 Mei

Njia nyingine. Kutetemeka kusikoonekana si kutetemeka. Nimekata sponji kwenye godoro, nikaizungushia usukani, nikashonea juu kitambaa cha mahameli, chekundu. Kazi safi. Nusrat akachungulia dirishani, akauliza kwa nini usukani umevimba. Nikamwambia ndiyo fasheni.

Kwenye keepilefti ya samaki, ule mzunguko wa barabara katikati ya mji, nikazungusha usukani ili nitoke. Sponji ikazunguka. Usukani wenyewe ukabaki palepale ndani ya sponji. Nikaenda mzunguko mzima. Nikajaribu tena. Mzunguko mwingine! Mara hiyo nikamwona Faisal amesimama nje ya benki. Akanipungia. Mzunguko wa tatu alikuwa ameshaita wenzake wawili waje kuona.

Sponji nimeirudisha kwenye godoro. Haikai sawa. Tundu liko upande wangu.

Ijumaa, 9 Mei

Nusrat ana tabia ya kuuliza maswali yenye maana. Leo kwenye chai: eti linatetemeka ninapokanyaga breki tu, au hata nisipokanyaga? Nikamuuliza kinachotetemeka ni nini. Akanitazama tu, anatafuna muhogo. Anajua! Nikakiri kwamba hata nisipokanyaga.

Basi si breki, akasema, ni magurudumu. Je, inatetemeka mikono au makalio? Nikamwambia usukani, mikono. Basi ni ya mbele, akasema. Ingekuwa kiti, yangekuwa ya nyuma. Baba yake aliendesha malori ya pamba, na yeye utotoni alikaa pembeni yake safari nyingi. Akamalizia: "Baba Rahim, peleka kwa Sabina. Kesho tu."

Nikachukua sehemu ya kwanza ya ushauri. Ya Sabina nikaiacha mezani.

Kama ni ya mbele, si niyapeleke nyuma? Baada ya swala ya Ijumaa nikaingia chini na jeki. Ya mbele nyuma, ya nyuma mbele. Saa tatu nzima. Nilisahau kuvua kanzu. Sasa ni kanzu ya kufugia kuku.

Nikatoka barabarani. Tisini. Usukani kimya! Nikaachia mkono mmoja. Kimya! Nikaimba. Kweli kiti kilikuwa kinanitekenya kidogo, na nilipogeuka nikakuta mwavuli uliokuwa kiti cha nyuma unatembea wenyewe kuelekea mlangoni. Haidhuru. Mimi nakaa mbele.

Nimefika nyumbani, nimevua viatu, nimeagiza uji. Ndipo nikakumbuka kwamba bi harusi hukaa nyuma.

Jumapili, 11 Mei

Mtihani. Sitaki kuandika, lakini naandika.

Uso wa kupakwa ulikuwa wa Nusrat, alijitolea. Jicho la kulia ndani ya gari la Faisal, jicho la kushoto ndani ya langu, ili ulinganishi uwe wa haki. Faisal akatangulia. Wakarudi. Jicho la kulia: mstari mwembamba, mweusi, umenyooka kama umechorwa kwa rula. Wajumbe barazani wakaguna kwa kuridhika.

Zamu yangu. Mpango wangu ulikuwa kwenda sitini mpaka mwisho, huku nikiwapigia hadithi. Tulipopita Buhongwa malori mawili ya ng'ombe yakatupita. Dada akauliza huu ni msafara wa harusi au tunasindikiza maiti. Kwenye mteremko baiskeli ya magunia ya mkaa ikaja ubavuni kwetu, mwenyewe akatusalimia vizuri, akapita. Dada akaamuru tisini. Dada yangu akiamuru, hata mguu wangu humtii yeye.

Themanini. Kiti kikaanza. Tisini. Dada akasema Bismillahi, akaweka kalamu.

Nikasikia "Yallah!" Halafu kicheko cha Nusrat, kirefu, mpaka ikabidi nisimame pembeni. Kwenye kioo nikaona mstari wa wanja umetoka jichoni, umefika sikioni, umegeuka, umerudi mpaka puani. Nusrat aliteremka akakaa kwenye majani, anacheka, machozi yanachora mistari mingine mipya.

Hukumu ikatolewa palepale barabarani. Faisal. Labda kabla ya Ijumaa nilete gari, alisema Dada, si mashine ya kukoboa mpunga.

Tuliporudi Najat alimwona Nusrat na uso ule, akacheka mpaka akashika ukuta. Lakini nilipokuwa naondoka akanifuata getini. Akasema polepole, "Mjomba, mimi nataka la kwako. Ila mama ndiye mama." Halafu akaongeza, "Litengeneze. Kwa fundi." Hilo neno la mwisho alilitamka kama anayemfundisha mtoto kusoma.

Jumatatu, 12 Mei

Siri ya Faisal nimeigundua!

Yeye hununua dagaa wa jumla pale Mwaloni. Mchana nilipita, gari lake limeegeshwa, mwenyewe yuko kwa mama ntilie anakula. Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Ndani ya rimu zake nikaona vipande vidogo vya madini ya risasi, vya kijivu, vimebandikwa kimyakimya mahali ambapo mtu hatazami. Gari langu halina hata kimoja. Kumbe! Hirizi ya kisasa!

Mfukoni nilikuwa na kisu changu cha kufungulia mifuniko ya saa. Sikupanga. Kisu kilikuwepo, na mimi nilikuwepo. Magurudumu manne, vipande kumi na kimoja.

Mama mmoja muuza sangara akaniuliza nafanya nini chini ya gari la shemeji yangu. Nikamwambia natafuta paka wangu. Mama mwenye moyo mzuri! Akaacha samaki wake, akapiga magoti, akaanza kuita "Nyau! Nyau!" Wenzake wawili wakajiunga. Baada ya dakika tano wakampata. Paka wa njano, mkubwa, mwenye sikio moja. Wakanikabidhi kwa furaha. Ningesema nini? Nikashukuru, nikaondoka naye.

Nyumbani nikabandika vipande vyote kwenye rimu za Bi Mkubwa kwa gundi kali ya kibandani. Nimevipanga kwa ustadi: saa kumi na mbili, saa tatu, saa sita, saa tisa. Vilipopungua, gurudumu la tatu nikalipa viwili, la mwisho kile kimoja kilichobaki, katikati, kiwe kama pambo. Inapendeza.

Nusrat ameuliza paka ametoka wapi. Nimemwambia ni zawadi. Akauliza ya nani. Nikasema ya watu wa Mwaloni, wananipenda.

Jumanne, 13 Mei

Mambo yameharibika. Bi Mkubwa sasa anaanza kwenye sitini. Mbele na nyuma. Leo droo ya dashibodi ilifunguka yenyewe ikanitupia miwani.

Saa nne asubuhi Faisal akaja kibandani. Uso umepauka. Hakukaa. Asubuhi alimpeleka Dada Nyashishi kuonana na wapishi, na walipofika themanini gari lake likaanza kutetemeka. Gari jipya! Dada akamwaga kahawa yote kwenye zile nailoni za viti. Dada amesema sasa basi. Wajomba na mashemeji wote wawili hawafai, bi harusi atapanda kosta, lile basi dogo la wapishi, kiti cha mbele, masufuria nyuma.

Halafu Faisal akanishika mkono. Akasema, "Shemeji, wewe angalau unayajua magari. Nisaidie."

Nilifurahi kwa muda wa pumzi moja. Naapa haikuzidi pumzi moja. Kisha simu yangu ikalia, ujumbe wa Najat: *Mjomba, eti naenda kwa mume wangu na masufuria?*

Nikatoa jichoni lenzi ya kukagulia saa. Nikatazama saa zote ukutani, kila moja inasema vyake. Nimekuwa mjanja maisha yangu yote, lakini sijawahi kumnyang'anya mtoto magari mawili kwa siku moja.

Nikamwambia Faisal kesho twende Usagara.

Jumatano, 14 Mei

Sabina alikuwa amesimama nje na ovaroli ya bluu, mabega mapana, mikono mieusi kwa kazi. Alituona. Akanyanyua mkono, akatazama saa yake bila haraka. "Karibu, fundi. Ni saa nne na dakika kumi. Kamili."

Nikampa ufunguo.

Kwanza akaendesha gari langu yeye mwenyewe, mimi pembeni. Anashika usukani kwa vidole viwili, anasikiliza. Aliporudi akapiga jeki, akalishika kila gurudumu na kulitikisa, kulia na kushoto, juu na chini. Akasema beringi nzima, fimbo za stelingi nzima. Akafungua yale magurudumu niliyoyahamishia nyuma, akayageuza.

Ndani ya rimu, upande mmoja tu, kulikuwa na udongo mweusi mkavu, mnene kama chapati mbili.

Akauliza kama nimelima nalo. Ikabidi niseme. Siku ya Idi tulikwenda kuwasalimia wakwe kule Misungwi. Mvua ilikuwa imenyesha. Faisal aliegesha kando ya lami kama watu wengine. Mimi nikaona nikiegesha karibu zaidi na mlango wa wakwe nitaonekana mtu wa karibu zaidi. Nikakata kupitia jaruba la mpunga. Watu wanane walinisukuma kutoka.

Sabina akachota ule udongo kwa bisibisi, akauweka kwenye ndoo. Akasema nusu ya ugonjwa ni hiyo: gurudumu zito upande mmoja huvumilia mwendo mdogo, lakini likikimbia linarukaruka, na kila linaporuka linautikisa usukani. Rahisi hivyo! Wiki nzima!

Halafu akakuta vile vipande. Alivitazama muda mrefu. "Nani ameweka saa ya ukutani humu?" Akawaita wateja wengine wawili waje waone. Akaeleza, kwa sauti ya kusikika mpaka kituo cha mabasi, kwamba mashine huzungusha gurudumu, husema upande gani mwepesi, na risasi hubandikwa hapo hapo kwa uzito uliopimwa. Si urembo. Akaongeza kwamba vipande hivi ni vya rimu za aloi, na zangu ni za chuma.

Akageuka kwenye gari la Faisal. Rimu za aloi, nne. Kila moja ina alama mpya za gundi, tupu. Akasimama katikati ya magari mawili. Akatazama zangu. Akatazama za Faisal. Faisal naye akatazama. Mimi nikatazama lori la ng'ombe likipita kwenda Shinyanga, nikatamani kuwa ng'ombe.

"Shemeji," Faisal akasema taratibu. "Mama wa sangara aliniambia ulikuwa unatafuta paka."

Nikakiri yote. Kisu, gundi, paka. Nilijiandaa kwa ngumi. Badala yake Faisal akavua kofia, akakaa juu ya tairi, akasema na yeye ana lake. Wazo la wanja lilikuwa la kwake. Siku ya Idi alinifuata nyuma kutoka Misungwi, akaona kichwa changu kinavyotikisika ndani ya gari, akajua mtihani gani utanimaliza. Amekuwa akicheka peke yake tangu siku hiyo.

Shetani mkubwa! Nikaanza kucheka. Naye akaanza. Tulicheka mpaka Sabina akatuambia tunamfukuzia wateja.

Halafu Sabina akaniita kwa sauti isiyo na mzaha. Alikuwa analiviringisha gurudumu langu moja polepole kwa kiganja. Akanishika kidole gumba, akakiweka kwenye tairi, upande wa ndani. Uvimbe. Ukubwa wa yai la kuku. Labda jiwe la lile jaruba, alisema, limekata nyuzi za ndani. Akaniuliza mwendo wangu mkubwa juu yake ulikuwa ngapi.

Nikamwambia mia na kumi.

Hakunikaripia. Alisema tu, "Hii isingekutetemesha tena, fundi. Ingepasuka."

Nilikaa juu ya tairi karibu na Faisal. Nilikuwa namwona Najat kiti cha nyuma, shela, hina, anacheka, na mimi mbele nimekaa kwenye mia na kumi yangu, najisifu. Faisal akaniwekea mkono begani. Sikujua kama ana mkono mzito hivyo. Nikamwambia Sabina aweke tairi jipya na afanye lolote jingine analoona linafaa.

Tukarudi saa nane. Tisini. Usukani umelala mikononi kama mtoto aliyeshiba. Kiti kimya. Faisal nyuma yangu akawasha taa mara mbili: na lake kimya! Nikamwashia na mimi. Tuliwashiana taa mpaka Buhongwa kama wendawazimu.

Alhamisi, 15 Mei

Dada amedai mtihani upya. Hakuna mwanamke aliyekubali kutoa uso. Nusrat alisema bado anasugua ule wa Jumapili.

Faisal akatoa wake. Simtanii mtu, Faisal! Akakaa kiti cha nyuma cha Bi Mkubwa, akafumba, akasema Bismillahi. Tisini, barabara ya Usagara, Dada akavuta mstari mmoja tu. Umenyooka mpaka mwisho, na mkia mdogo juu kwa madaha. Dada mwenyewe akasema mashaallah.

Bi harusi anapanda kwangu. Dada anapanda kwa Faisal, ingawa amesema nailoni zing'olewe kwanza.

Faisal amekwenda Mwaloni kununua dagaa na jicho lile. Nimesikia wamempunguzia bei.

Jumamosi, 17 Mei

Leo!

Ndoa baada ya Adhuhuri. Nilimsikia Najat, mjukuu wa marehemu baba, akikubali kwa sauti ndogo nyuma ya pazia, na mtu fulani karibu yangu alikuwa analia kwa kelele. Kumbe ni mimi.

Bi Mkubwa alikuwa na maua mbele na utepe kila upande. Najat kiti cha nyuma na Nusrat, shela imejaa gari lote, inafika mpaka kwenye gia. Tukapita mjini tukipiga honi. Wenye maduka wakatoka. Kwenye keepilefti ya samaki nilizunguka mara mbili, safari hii kwa hiari yangu. Wapiga matarumbeta nyuma ya pikapu walizunguka na sisi bila kukosea hata noti moja.

Baada ya Nyashishi nikafika tisini. Nikasema, "Nusrat, wanja." Nikasikiliza. Hakuna Yallah. Nikatazama kwenye kioo: macho mawili, mistari miwili, imenyooka. Vigelegele vya Nusrat vilinipasua sikio la kushoto. Njia panda ya Usagara Sabina alikuwa amesimama barabarani, mkono juu, ule wa saa. Nikampigia honi ndefu kuliko zote.

Kisha Najat akaanza kulia, akauharibu wanja wote mwenyewe. Nikauliza kuna nini tena. Akasema hakuna. Anakumbuka tu baba yake. Na gari hili linanuka vilevile. Kitambo kidogo akasema, "Mjomba, punguza mwendo. Sitaki tufike haraka."

Nikapunguza. Hamsini. Faisal nyuma yetu akapunguza bila kuuliza. Msafara mzima, magari tisa, matarumbeta, kosta ya masufuria, tukatambaa kupitia majaruba na ng'ombe na watoto wanaokimbia pembeni wanapunga mikono. Kila aliyetupita alituombea dua.

Kwa wakwe niliegesha kando ya lami. Faisal alikuwa ananiangalia.

Jumapili, 18 Mei

Nimeamka mtu mpya. Wiki hii imenifundisha jambo kubwa: elimu ya mizani. Kitu chochote kinachozunguka na kutetemeka, ni suala la kujua upande mwepesi. Basi! Sabina ana mashine, mimi nina jicho la miaka ishirini na sita.

Feni yetu ya sebuleni inayumba siku nyingi. Nusrat alikuwa anataka kumwita fundi umeme. Fundi umeme wa nini! Asubuhi nimepanda juu ya stuli, nikatazama mapanga yake yote matatu, jicho likaniambia moja ni jepesi. Nimelibandikia nati nne za lori. Gundi ileile kali. Nikaona na la pili lina unyonge fulani, nikaliongezea mbili.

Nimemwalika Dada na Faisal waje wale pilau iliyobaki ya jana na washuhudie. Wamekaa chini yake sasa hivi, sahani mapajani. Faisal ameuliza kama feni iko salama. Nimemjibu imetulia kama meza.

Kwenye swichi, namba moja imekwenda vizuri. Namba mbili inayumba kidogo, na tatu zaidi, lakini mimi nimeshaelewa tabia ya vitu hivi. Ugonjwa unakaa kati ya namba mbili na nne. Dawa ni kuruka haraka, ukae namba tano.

Nusrat amechukua sahani yake, amekwenda kukaa nje. Mwanamke yule hana imani kabisa.

Naweka kalamu chini. Nakwenda kubonyeza tano.